Abiria Aliyekaa Juu ya Pampu ya Mafuta

Kabla hujaanza kutabasamu, na najua utatabasamu kwa sababu wote hutabasamu, elewa kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana wa jua kali, nikiwa na akili zangu zote. Sikuwa na usingizi, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Lilinipata kwenye lami ya Korogwe kwenda Handeni, barabara ambayo huenda hata wewe umeipita ukitafuna mahindi ya kuchoma. Hukuona kitu? Vizuri. Gari lako lilikuwa zima.

Langu halikuwa zima, na waliosababisha lisiwe zima wamekaa kwenye kiyoyozi hadi leo. Acha nianze na hao, maana huyo mwingine nitakayekusimulia, pamoja na yote aliyonifanyia, angalau alikuwa na adabu.

Mimi naishi Manundu, pale Korogwe, nauza misumari, mabati na saruji. Nilinunua gari dogo la Kijapani la mkono wa pili, rangi ya fedha, kama walilonalo nusu ya walimu wa mji wetu. Likaanza kuzimika njiani. Halikukoroma wala halikutetemeka. Unakwenda zako, mara kimya, usukani unakuwa mgumu na breki zinagoma, na nyuma yako kuna lori linapiga honi. Unalisukuma pembeni, unasubiri lipoe, linawaka kana kwamba halijafanya lolote.

Fundi wa kwanza alisema ni mafuta machafu, na alilisema hilo bila kuinuka kwenye benchi alilokalia. Wa pili akabadilisha plagi ambazo hazikuwa na kosa. Wa tatu alishika kiuno, akalitazama gari kwa huruma, akaniambia kuna mkono wa mtu. Fundi huyo! Mtu ana spana mkononi na grisi hadi kwenye viwiko, halafu ananishauri nikatafute mganga. Nilimwambia akianza kufunga magari hirizi anijulishe, niwe mteja wake wa kwanza.

Ni shemeji yangu wa Dar es Salaam aliyeniletea habari kwamba magari ya aina yangu yameitwa yote yarudishwe kwa wakala. Pampu ya mafuta ilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Ndani yake kuna kigurudumu cha plastiki kinachosukuma petroli, na kumbe kilikuwa kinavimba, kinakwama, na injini inakosa mafuta. Watakubadilishia bure, akasema. Tukatafuta namba ya chesisi yangu, tukaikuta. Nilifurahi kama mjinga.

Nikafunga safari kwenda kwa wakala. Jengo la vioo, sakafu inang'aa mpaka unaona aibu ya viatu vyako. Binti wa mapokezi akanipa maji baridi na pipi. Nisikilize vizuri: ukipewa pipi na mtu ambaye hujamwambia shida yako, ujue anaijua tayari na hana mpango wa kuitatua.

"Gari lako hukulinunua kwetu," akaniambia.

Nikamjibu kwamba aliyelitengeneza ni yuleyule.

"Ni kweli kabisa, baba. Ila pampu zinakuja kwa awamu. Ya kwako ikifika tutakupigia."

"Na kabla hamjapiga?"

"Endelea kulitumia kwa tahadhari."

Nikamuuliza tahadhari gani inafaa kwa gari linalozimika likiwa kwenye mwendo. Akafikiri, nampa haki yake, kweli alifikiri. Akasema nisiache tangi likapungua sana na niepuke safari zisizo za lazima. Kisha akaniongezea pipi.

Hawakupiga. Nikipiga mimi, muziki. Baada ya muziki, sauti ya mwanamke aliyerekodiwa akisema simu yangu ni muhimu sana kwao. Nikimpata mtu, ananiita mpendwa mteja na kuniomba nirudie namba ya chesisi, nami naisoma, naye anasema awamu yangu bado. Mvua za vuli zikaja zikaondoka. Unajua inavyochosha kuitwa mpendwa na mtu anayekudharau?

Sasa safari ya lazima ikaja. Mama yangu alikuwa akiishi Kang'ata, upande wa pili wa Handeni, kwenye shamba lake la mihogo na mbaazi. Mimi ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Alikuwa na neno moja alilolirudia tangu baba alipofariki, tena alilisema kama anavyosema nisogezee chumvi: nikifa, wewe ndiye utakayeshuka kunipokea. Kwetu, na kwa Waislamu wengine, mwanamke hupokelewa kaburini na maharimu zake, ndugu wa kiume wa damu. Hakutaka mwanamume mwingine yeyote amshike. Mama alikuwa mkali kwa hilo. Kiti ambacho mwanamume mgeni amekikalia, alikuwa akikifuta kwanza ndipo akalie yeye. Na mimi nilimwahidi.

Asubuhi moja mjomba, kaka yake mama, akanipigia. "Dada yangu ametutoka alfajiri," akasema. "Tunazika alasiri. Njoo mwanangu, ila tukimaliza kuswali hatutasubiri, unajua mwenyewe."

Ningepanda basi. Najua unataka kuniambia hivyo, na mke wangu aliniambia. Lakini basi la kwenda huko lilikuwa limeshapita, na mimi nilikuwa na gari langu mlangoni. Nikampigia yule binti wa wakala? Hapana. Nikasema bismillahi nikawasha.

Lilikwenda vizuri nikavuka mashamba ya mkonge, nikapita Sindeni. Mbele kidogo kuna kona inayoshuka, vichaka pande zote mbili. Pale pale likazimika. Nikalisukuma pembeni, nikavunja matawi nikayatandika nyuma yake barabarani kama tunavyofanya, nikafungua boneti ambayo sikuwa na sababu ya kuifungua. Nikangoja lipoe. Nikawasha, kimya. Kwa kawaida ukigeuza ufunguo kwenye gari lile unasikia pampu ikivuma chini ya kiti cha nyuma, maana huko ndiko iliko, imelala juu ya tangi. Siku ile haikuvuma. Bodaboda mmoja akapita na magunia ya mkaa mpaka kichwani, akanionyesha kwa mkono kwamba hana nafasi. Malori hayakusimama. Adhuhuri ikaingia, ikaanza kupita. Nilimfikiria mama akiwa ameshaoshwa, ananingojea. Nikalia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira zaidi kuliko msiba.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na mwanamume amesimama kando ya mlango wa nyuma.

Najua ulipokimbilia. Miguu yake niliitazama, maana nami nimelelewa na hadithi hizohizo. Ilikuwa miguu ya mtu, ndani ya viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi. Kivuli alikuwa nacho. Alikuwa mtu wa umri wangu, shati jeupe lililopigwa pasi, simu mkononi, na alinuka petroli. Hakusema habari wala pole.

"Pampu," akasema.

"Najua ni pampu, kaka."

"Wameshakupigia?"

Nikamuuliza nani. Akanitazama kama mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa. "Wakala. Mimi bado hawajanipigia. Gari kama hili hili, rangi hii hii. Waliniambia niendelee kulitumia kwa tahadhari."

Unaona nilivyonaswa? Mtu akikukuta umeonewa, akakwambia na yeye kaonewa na walewale, unamfungulia moyo bila kumuuliza jina. Nikacheka, nikamuuliza kama alipewa pipi. Akasema alipewa. Tukawatukana wale watu pamoja, mimi kwa sauti, yeye kwa kutikisa kichwa. Akaniuliza haraka yangu ni ya nini, nikamweleza kwamba namwahi mama Kang'ata.

"Kaburi limeshachimbwa?" akauliza.

Swali gani hilo? Nikamwambia bila shaka limechimbwa.

"Ni pana?"

Ningemfukuza. Naapa nilifungua mdomo nimfukuze. Lakini akafungua mlango, akaingia, akakaa kiti cha nyuma, katikati kabisa, juu ya pampu. "Nikikaa hapa halitazimika," akasema. "Nipe lifti mpaka huko. Washa."

Nikawasha, likavuma, nikaondoka.

Nilishukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Tulipofika penye nyumba chache nikataka kumwongelesha, nikamuuliza anatokea wapi. Akaanza kujibu, na gari likashtuka, likakosa nguvu. Akanyamaza. Likakaa sawa. Nikamuuliza tena. Akafungua mdomo, likashtuka tena. Ndipo nikasikiliza vizuri. Ule mvumo haukuwa unatoka chini ya kiti. Ulitoka kooni mwake. Alikuwa amefumba mdomo, anaguna kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, wala sikumsikia akivuta pumzi, na gari lilikuwa likienda kwa mguno huo.

Wewe ungefanya nini? Ungeshuka, utaniambia. Ungeshuka wapi, na mama yako yuko ndani ya sanda? Mimi nilimwambia, "Kaka, usiongee." Hilo tu. Nilimwambia kwa ukali, kama unavyomwambia mtu asiegemee mlango. Nilikuwa nimechelewa, na woga nao unahitaji nafasi.

Pale Handeni mjini askari wa barabarani akatusimamisha. Nikadhani sasa atapiga kelele, ataona kiti kitupu, kama inavyokuwa kwenye hadithi zenu. Wapi! Aliinama dirishani, akakagua leseni, akasema, "Mwambie kaka yako huko nyuma afunge mkanda." Abiria wangu akafunga mkanda huku anaguna. Nilipomwambia tunawahi mazishi, askari akatupa pole ya msiba, akaturuhusu.

Nilifika Kang'ata jeneza likiwa limeinuliwa mabegani. Niliruka garini bila kuzima, nikaingiza bega langu chini ya jeneza. Sikumfikiria tena yule mtu. Nasema kweli, nilimsahau palepale. Nilikuwa nimemuwahi mama yangu, na hapakuwa na kingine duniani.

Makaburini walitandaza shuka juu ya kaburi, watu wameshika pembe, kama inavyofanywa mwanamke anapozikwa ili asionekane. Mjomba akashuka, nami nikashuka. Chini ya shuka kuna mwanga hafifu, kila kitu rangi ya kitambaa. Wa tatu alitakiwa awe mtoto wa mjomba. Nilisikia mtu akishuka upande wa miguuni, sikuangalia. Wakatupitishia mama. Nilimpokea kichwani na mabegani, mjomba kiunoni, na mikono mingine miwili ikampokea miguu. Alikuwa mwepesi. Nikainama kumlaza kwenye mwanandani, ule mfereji wa pembeni anamolazwa maiti, na hapo ndipo nilipousikia mvumo. Sauti moja, mdomo umefumbwa. Harufu ya petroli ikanijia mle shimoni. Nikainua macho nikaona mikono ya shati jeupe lililopigwa pasi.

Nilitaka kusema. Mjomba akanigusa, akaninong'oneza, "Elekeza uso wake kibla, mwanangu." Nikaelekeza. Nilifungua kamba za sanda. Nilipotazama tena upande wa miguuni hapakuwa na mtu, na mvumo ulikuwa umekoma. Nikadhani ameshapanda juu. Nikadhani hivyo kwa sababu nilitaka kudhani hivyo. Tukapanga mbao, tukapanda, wakaanza kufukia.

Udongo ulibaki. Wachimbaji walishindilia, wakaunyanyua mgongo wa kaburi juu kuliko kawaida, na bado ulibaki. Mzee mmoja akasema kimzaha kwamba wamezika watu wawili. Nilitapika nyuma ya kichaka, wakasema ni uchungu wa mama.

Baada ya dua mjomba akanivuta kando. "Yule mgeni wako wa Korogwe ni nani?" akauliza. "Mimi nilijua ni ndugu wa upande wa baba yako, ndiyo maana nikanyamaza. Alipanda saa ngapi? Mimi sikumwona akipanda."

Mtoto wake alikuwa amesimama karibu. "Mimi nilitaka kushuka, kaka," akaniambia. "Nikakuta nafasi imejaa. Nikashika pembe ya shuka upande wa miguuni, na kwangu hakupita mtu kutoka."

Nikaenda kwenye gari. Lilikuwa limezimika lenyewe. Mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa, na kiti kitupu.

Halikuwaka tena. Siku niliyoondoka tulilifunga kamba nyuma ya lori la mahindi, na kwenye ile kona ya Sindeni nikamwomba dereva asimame. Kuna mama anauza mkaa pale, ingawa siku ile sikumwona. Nikamsalimia, nikamuuliza kama anamfahamu mtu wa shati jeupe.

"Wa gari la rangi ya fedha?" akasema, bila kushangaa. "Baba, huyo ni marehemu. Gari lilimzimikia hapa kwenye kona, lori likaja nyuma. Likawaka moto na yeye ndani. Ndugu zake walikuja wakaokota majivu na vyuma, wakarudi hivyohivyo. Hawakupata cha kuzika." Akapanga mkaa wake. "Tangu hapo tulikuwa tunamwona jioni jioni, anawafuata waliozimikiwa. Wiki hii hatujamwona."

Nilipanda lori, nikatazama mbele mpaka Korogwe.

Wakala walipiga. Ndiyo, walipiga hatimaye, mpendwa mteja, awamu yako imefika. Nilitaka kuwatukana, nikashindwa pa kuanzia. Nikalipeleka kwa kuvutwa, wakanyanyua kiti, wakaitoa pampu. Fundi wao akaipasua mbele yangu. Kile kigurudumu kilikuwa kimevimba mpaka kimeshikana na kuta zake. Nikamwambia gari lilinitoa Sindeni likanifikisha Kang'ata. Akacheka, akasema pampu ile isingelitoa gari hata getini. Baada ya wiki wakanitumia ujumbe kwenye simu wakiniomba niwape nyota, kuanzia moja mpaka tano, kwa jinsi nilivyoridhika na huduma.

Nimekaa nikiutazama ujumbe ule mara nyingi. Niwaandikie nini? Kwamba kwa uzembe wao mtu ameungua barabarani kama taka, na kwa uzembe huohuo mama yangu, aliyekuwa akifuta kiti kabla ya kukalia, amelala na mwanamume asiyemjua? Wangenijibu kwamba maoni yangu ni muhimu sana kwao.

Nilimwendea shehe nikamweleza yote. Akanisikiliza vizuri, akasema kaburi halifukuliwi kwa sababu ya jambo kama hilo, nimwombee mama. Namwombea. Kila nikienda Kang'ata nasoma, namwambia mama nilikuja kama nilivyoahidi, nilikupokea mimi. Halafu nanyamaza, nasikiliza chini, na nikisikia kimya siondoki na nafuu yoyote. Dada yangu hajui. Mjomba anajua, na tangu siku ile hataki kupanda gari langu, ingawa sasa ni zima na pampu mpya inavuma vizuri. Mimi mwenyewe nikigeuza ufunguo nageuka nyuma kwanza. Watoto wangu nimewakataza kukaa katikati.

Sina chuki na yule mtu. Nilijaribu kumchukia, nikaona hata mimi ningemfanyia mtu mwingine vilevile, kama ningenyimwa kaburi. Chuki yangu yote nimewawekea wenye vioo na pipi.

Kwa hiyo wewe unayetabasamu, kama gari lako limeitwa na bado unasubiri kupigiwa simu, hawatapiga mpaka siku ambayo haikusaidii. Usiliendeshe kwa tahadhari. Liegeshe. Na msiba ukikukuta, panda basi, au panda juu ya magunia ya mkaa, au tembea kwa miguu. Ukichelewa, mjomba wako atampokea mama yako kwa mikono ya ndugu, nawe utalia ukiwa juu ya kaburi. Hicho ni kilio kinachoisha.